Tulivyomfikisha Walii Mtwapa kwa Maji ya Umazi

Tangu turudi Mambrui sijapata kufika dukani bila kushikwa mkono. Mmoja kasikia gari letu liliwaka moto. Mwingine kasikia Baba kaoa mke wa pili huko Ganze, na huyo huniuliza kwa sauti ya chini kama anayenipa pole. Basi nimeona niandike mambo yote kama yalivyokuwa, nanyi msome kwa nafasi zenu, ili nami nipate kununua sukari yangu kwa salama. Gari halikuwaka. Baba hakuoa. Lakini hizo habari hazikuzuka bure, mtaona wenyewe.

Safari yenyewe ilikuwa ya arusi ya Zuhura, binti wa Ami yangu Fuadi. Ami alifariki Zuhura akiwa bado anavaa sare za shule, na Zuhura hana kaka, wala babu wa kuumeni aliye hai. Kwa hivyo walii wake, wa kumwozesha, ni Baba, kaka mkubwa wa Ami. Nikahi ilikuwa ifungwe Mtwapa, nyumbani kwa mama yake Zuhura, baada ya Alasiri. Bila walii hakuna nikahi, na walii tulikuwa naye sisi.

Uani kwetu, Mambrui

Gari ni langu, kuukuu kidogo. Niliachiwa na kaka yangu alipohamia Lamu, ambako hana pa kuliendesha. Aliniachia kwa sharti moja: kila safari ndefu nifungue boneti nyumbani, gari likiwa limesimama mahali palipo sawa na injini ikiwa baridi, nisingojee kukaguliwa na fundi wa njiani.

Asubuhi ile nikajifunga leso kiunoni, nikafungua. Nikachomoa kijiti cha kupimia oili, nikakipangusa, nikakirudisha, nikakichomoa tena. Oili ilikuwa imeshuka karibu na alama ya chini. Nikatia kidogo, nikasubiri ishuke, nikapima, nikatia kidogo tena, mpaka ikasimama chini tu ya alama ya juu. Mafuta ya breki yalikuwa sawa. Hayo huyatazama kwa nje, maana kikopo chake chaonyesha. Mafuta ya usukani nayo sawa. Nikafika kwenye kitangi cha rejeta, kile cha pembeni chenye yale maji ya kijani ambayo mafundi huyaita kulanti, nikakuta yamepungua hata mstari wa chini hayaufikii. Nikamimina yote yaliyobaki kwenye chupa, yakapanda, nikafurahi. Sikujiuliza yale ya kwanza yamekwenda wapi.

Likabaki tangi la maji ya kuoshea kioo. Nilikuwa nimefungua kifuniko chake tu Baba akaniita ndani, kofia yake ya vito, ile iliyodariziwa kwa mkono, haionekani. Shangazi Fatuma, dada yake Baba, alikuwa amesimama hapo na kikapu chake cha vyakula.

"Shangazi, nijazie hapo maji tafadhali. Ni ya kuoshea kioo tu."

"Haya mwanangu, kamtafutie babako kofia."

Kofia alikuwa ameikalia. Niliporudi, Shangazi alishajaza na kufunga, na alikuwa akitabasamu peke yake. Nikafunga boneti, tukasoma dua, tukatoka.

Mambrui hadi Gede

Tulivuka Sabaki, tukapita Malindi mji ukiamka. Baba alikaa mbele na koti lake juu ya kanzu, mikono magotini, hasemi. Nilijua anarudia maneno ya kuozesha moyoni. Shangazi nyuma alikuwa ameshafungua mahamri.

Mbele ya Gede likatupita lori la mchanga, kioo kikawa hakionyeshi kitu. Nikabonyeza maji, waipa zikafuta. Kufumba na kufumbua, gari zima likajaa harufu tamu.

Wenye magari mwajua: kulanti ikivuja juu ya injini moto hutoa harufu ya utamutamu, na kaka alikuwa amenionya mara nyingi kwamba nikiisikia nisimame hapo hapo. Nikaweka gari pembeni, nikazima.

"Kuna nini?" Baba akauliza.

"Nasikia harufu tamu, Baba. Naogopa rejeta inavuja."

Kisha Shangazi akakohoa kidogo kule nyuma.

"Tamu kama ya nini, Maryamu?"

"Sijui, Shangazi. Kama..." Nikavuta pumzi. "Kama marashi."

"Basi ni marashi," akasema. "Nilitia marashi mawaridi. Gari la arusi litaoshwaje kioo kwa maji matupu?"

Baba, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu Sabaki, alicheka mpaka kofia ikamwangukia mapajani. Mimi pia nikacheka, nikawasha gari, tukaondoka. Boneti sikuifungua. Ningeifungua, ningeona tone la kijani likining'inia mahali pasipo pake, na Shangazi asingekuwa na hadithi ya kuwapigia simu majirani. Kila nilipoisikia tena ile harufu niliitolea salawati.

Kilifi hadi kwa Hawe Kadzo

Hatukuvuka daraja la Kilifi moja kwa moja. Tulikata kulia kuelekea Ganze kumchukua Hawe Kadzo, mama yake mama yake Zuhura. Hawe ndiyo bibi kwa Kigiriama, na hivyo ndivyo sote twamwita. Zuhura alikuwa amesema wazi kwamba arusi bila Hawe haitaki.

Huko jua ni jingine. Mahindi yalikuwa yamesimama makavu, majani yakilia kwa upepo, na njiani tulipishana na watu wakisukuma baiskeli zilizopakiwa madumu ya maji, wengine wakienda na matupu, wengine wakirudi na yaliyojaa. Lami ikaisha, tukaingia njia ya mawe mpaka kwenye boma la Hawe.

Tulimkuta amevaa leso mpya na shanga, yuko tayari kabisa, isipokuwa kwamba alikuwa amechinja kuku.

"Shikamoo, mkwe wangu," Baba akamwambia.

"Marahaba. Ingieni mle."

"Mkwe, tumechelewa kidogo."

"Basi kuleni upesi."

Ikaletwa wari, ile sima yao nyeupe iliyosongwa ikashikana, na kuku wa mchuzi wa nazi, na mboga chungu ya mwituni ambayo Shangazi aliionja kwa shaka kisha akaongeza mara mbili. Hawe hakuondoka mlangoni mpaka akaona sahani ya Baba i tupu. Huku nyuma gari lilikuwa limesimama juani juu ya mchanga, na mchanga wa kule hunywa chochote kinachodondoka usiache hata alama.

Njia ya kurudi Kilifi

Hatujafika mbali, tukipanda kijilima, nikaona mshale wa joto umepita katikati na unapanda. Kaka alinifundisha kwamba ukiona hivyo na huna pa kusimama, washa hita, inavuta joto kutoka kwenye injini. Nikaiwasha hadi mwisho.

Sasa fikirieni. Jua la Ganze, watu wanne wamevaa nguo za arusi, na pepo za moto zinatoka mbele.

"Maryamu!" Shangazi akapiga kelele. "Wataka kutuoka?"

"Vumilia, Shangazi, nasaidia injini."

"Na sisi atatusaidia nani?"

Hawe, ambaye hupanda gari kwa nadra, alidhani ndivyo magari yalivyo. Aliketi wima, jasho likimtiririka, akasema kwa adabu kwamba si vibaya, ila yeye angependa kutembea.

Tulipofika juu ya kilima mvuke mweupe ukafumka chini ya boneti kama chungu kilichofunuliwa. Huo ndio ule moto mliousikia. Nikazima, tukashuka sote. Shangazi akaja na kitambaa akitaka kufungua kifuniko cha rejeta.

"Usiguse! Yale maji yanachemka, yatakurukia usoni."

Tukakaa kwenye kivuli chembamba cha mgunga, tukaingoja injini ipoe. Maji tuliyokuwa nayo ya kunywa yalikuwa yameisha wakati wa hita. Simu ya Baba ikalia: Zuhura.

Baba akamweleza. Nilisikia sauti ya mwanamume mwingine kule, mjomba fulani wa upande wa bwana arusi, akisema kwamba sheria inaruhusu, Baba ampe sheikh uwakala kwa simu, nikahi ifungwe, sisi tuje kula biriani. Lilikuwa neno la haki, na Baba alijua ni la haki. Kidole gumba kikawa kikisugua ukingo wa simu.

"Niliweka mkono wangu kwa babako siku ile hospitali," akasema mwisho, "nikamwambia huyu nitamwozesha mimi mwenyewe. Lakini Zuhura, mimi niko kilimani na gari bovu. Uamuzi ni wako, mwanangu. Sitaki uaibike mbele za watu kwa ajili yangu."

Zuhura akasema, "Ami, mimi nitakungoja. Wenye njaa watakula."

Baba akazima simu, akaenda nyuma ya gari, akakaa huko kidogo.

Umazi

Alitokea chini ya kilima, upande wa Kilifi, akisukuma baiskeli yenye madumu, mwanamke wa umri wangu, kanda mbili miguuni, leso kichwani. Alipotufikia akasimama, akatutazama mmoja mmoja, akavuta harufu.

"Jamani, gari linanukia," akasema. "Mwaenda arusini?"

"Ndiyo," nikajibu.

Akamwangalia Baba, na kanzu yake na koti na kofia ya vito. Akamwangalia Hawe, na leso yake mpya na shanga. Uso ukamnawiri.

"Mungu awabariki," akawaambia wote wawili. "Kupata mwenza uzeeni ni bahati."

Hawe alicheka mpaka akakaa chini. Baba alikuwa mwekundu masikioni. Shangazi alikuwa ameshatoa simu kumpigia mtu Mambrui, lakini mtandao ulikatika katikati ya sentensi, na ndiyo sababu mkapata nusu ya habari.

Hawe alipopata pumzi alimweleza mambo kwa Kigiriama, naye akacheka na kujishika mdomo. Jina lake lilikuwa Umazi. Akaweka baiskeli chini, akaja tukatazama pamoja. Injini sasa ilikuwa imepoa kiasi. Nikakunja kitambaa juu ya kifuniko cha rejeta, nikakizungusha polepole, hewa ikatoka ikilia, kisha nikakifungua. Ndani pakavu. Nikafuata paipu kwa vidole mpaka pale ya juu inapoingia kwenye rejeta, nikakuta ule mkanda wa chuma unaoibana umekatika kwa kutu, na pembeni yake ute wa kijani uliokauka. Ilikuwa ikivuja hapo labda tangu Mambrui, labda tangu juzi.

"Inataka kufungwa kitu," nikasema, "na inataka maji."

Umazi akageuka akatazama madumu yake, nami nikayatazama, na nikaona haya. Alikuwa ameyasukuma kutoka bombani, kupanda kilima, juani.

Baba akasema, "Hapana. Hatuwezi kuchukua maji ya mtu aliyeyasukuma hivi. Tutangoja gari lipite."

"Magari gani, baba?" Umazi akamuuliza. "Hapa mtangoja mpaka kesho. Maji nitawapa." Akagusa zile kamba za mpira wa tairi zilizofunga mzigo wake. "Na huu mpira unabana kushinda chuma. Ila nikiwapa, madumu yangu nitayafunga na nini?"

"Kwenu ni wapi?" Baba akamuuliza.

Akaonyesha kwa kidevu, kule tulikotoka, kisha ndani zaidi.

Nilimwona Shangazi akitazama saa. Nami nilihesabu moyoni: kurudi, kuingia ndani, kutoka tena, na Alasiri haitungoji. Baba hakuhesabu kitu.

"Madumu yatakwenda garini," akasema. "Tutakufikisha kwanza."

Akavua koti, akakunja mikono ya kanzu. Yeye akaishika paipu iingie sawasawa mahali pake, mimi nikauzungusha mpira juu yake nikivuta kwa nguvu zote, mzunguko juu ya mzunguko, Umazi akisimamia: "Vuta! Vuta kama unamfunga mbuzi mtundu!" Kisha tukatia maji polepole mpaka yakaonekana mdomoni mwa rejeta. Nikawasha, yakashuka, tukaongeza. Kifuniko sikukikaza hadi mwisho ili mvuke usije ukaisukuma paipu. Tukatazama. Mpira ukatoka jasho kidogo, ukatulia.

Madumu tukayapakia, mengine kwenye buti, mengine miguuni mwa Shangazi aliyeinua baibui na kusema hakuna aliyemwuliza. Umazi akatangulia na baiskeli tupu akituonyesha njia. Kwao tukashusha, mama mkwe wake akataka tukae tunywe uji, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza maishani nilimwona Hawe Kadzo akikataa chakula kwa niaba ya watu wengine. Shangazi alimwachia kaimati zote na nusu ya mkate wa sinia. Nilimwambia Umazi nitarudi. Akaitikia kama mtu aliyeambiwa hivyo mara nyingi na wapita njia.

Kilifi hadi Mtwapa

Kilifi nikajaza chupa zote tulizokuwa nazo, tukavuka daraja. Niliendesha taratibu, jicho moja barabarani, jingine kwenye mshale. Wauza korosho waliweza kutembea nasi sambamba na kutupigia bei.

Alasiri ilitukuta karibu na Vipingo. Baba akasema tuswali, na mimi nilikuwa nataka gari lipumzike, basi tukaingia njia ya Kuruwitu kwenye msikiti mdogo. Wao wakiswali, mimi nilisimama na boneti wazi nikingoja zamu yangu. Mzee mmoja aliyetoka baharini, suruali imelowa magotini, akaja kutazama.

"Huo mpira nani kaufunga?"

"Mimi."

"Nusu saa nyingine utakuwa bado mzima," akasema, baada ya kuubonyeza. "Lakini usikimbie." Akanijazia dumu la msikiti kwenye bomba la udhu na kulibeba mwenyewe.

Niliongeza maji, nikaswali, tukaondoka. Tukapita Kikambala. Kila mmoja alikuwa akiusikiliza moyo wa injini. Pale foleni ya Mtwapa ilipoanza mshale ukatikisika, na Shangazi Fatuma, bila kuambiwa, akanyosha mkono kutoka nyuma akawasha hita.

Mtwapa

Walikuwa bado wapo. Sheikh alikuwa barazani na kikombe cha kahawa, bwana arusi ameketi sakafuni mbele ya mto mtupu uliowekwa kwa ajili ya Baba, na watu wamejaa mpaka kwenye ngazi. Jua lilikuwa limeshalala upande. Mama yake Zuhura alimkumbatia Hawe, akarudi nyuma, akamnusa, akamnusa tena.

Mimi nilisimama dirishani na wanawake. Zuhura alikuwa ndani nyuma yangu, hina mpaka viwikoni, amenishika bega.

"Amefika kweli?"

"Huyo hapo."

Baba akaketi. Sheikh akamwambia ampe bwana arusi mkono, naye akaunyosha, na hapo ndipo sote tukaona. Alikuwa amenawa kwa udhu, lakini oili haitoki kwa udhu. Kiganja na kucha zilikuwa nyeusi. Baba mwenyewe akauona, akataka kuurudisha aupanguse kwenye kanzu. Yule kijana akauwahi, akaushika kwa mikono yake miwili, akaubana.

Baba akaanza. Alisema maneno yote barabara mpaka alipofika kwenye "binti wa ndugu yangu Fuadi." Hapo sauti ikamkatika. Akalisema tena jina la ndugu yake, safari hii kwa sauti ya kusikika mpaka njiani, akaendelea hadi mwisho, na kijana akajibu, "Nimekubali." Vigelegele vya Hawe Kadzo ndivyo vilivyotangulia. Bega langu mpaka leo lina alama za kucha za Zuhura.

Kurudi

Asubuhi yake nilinunua mkanda mpya wa chuma na kulanti, nikaufunga mwenyewe gari likiwa baridi, nikajaza kitangi mpaka mstari wa juu. Ule mpira nikauosha, nikaukunja. Kilifi tukaazima madumu kwa jamaa, tukayajaza bombani, gari likashuka matairi kwa uzito, na Baba akalazimika kumpakatisha Hawe mfuko wa biriani.

Tulimkuta Umazi juu ya kile kilima, kabla hatujafika kwake. Alikuwa njiani anakwenda bombani, madumu matupu yakigongana kwenye baiskeli. Nikasimama. Akainama dirishani akacheka kutuona, kisha akaona kilicho nyuma, miguuni mwa Shangazi, na kwenye buti lisilofunga vizuri. Akayatazama madumu yale kwa muda. Nikampa mpira wake.

"Yote haya?" akauliza.

"Yote."

"Basi leo siendi," akasema.

Akageuza baiskeli, akapanda. Siku ile ya kwanza nilimwona akiisukuma, au akiongoza polepole atutazame tusipotee. Sasa alikanyaga kwa nguvu, leso ikipepea mgongoni, madumu matupu yakipiga ngoma, akateremka kile kilima mbio mbele yetu, mpaka Hawe Kadzo akanigonga begani akaniambia, "Mfuate basi, atatuacha!"